Rangi Iliyobaki Ndani ya Pindo

"Nisafishie hii picha, mwanangu."

Kwa sisi tunaoishi kwa kazi hii ya kuchapa na kutengeneza picha, neno kusafisha limebeba mizigo miwili. Enzi za mkanda, kusafisha picha kulikuwa kuutia mkanda kwenye dawa na kutoa picha kwenye karatasi. Mpaka leo mtu anakuja na simu yake dukani na kusema, "Nisafishie picha kumi." Lakini akileta picha ya zamani iliyochakaa, kusafisha kunageuka kuwa kitu kingine: toa madoa, toa wekundu, ing'arishe. Na hapo kwenye kung'arisha ndipo wengi wetu, mimi nikiwemo kwa miaka mingi, tunapowapoteza watu wenyewe waliomo kwenye picha.

Fremu yangu ya duka iko Chikongola, Mtwara mjini. Nina kompyuta moja, skana ya kioo na printa ya wino wa rangi sita. Picha za zamani zina msimu wake. Kuanzia Oktoba, minada ya korosho ikishaanza na malipo yakaingia, watu wa Newala, Tandahimba na Masasi wanashuka mjini kununua mabati na magodoro, na kwenye mkoba mmojawapo hukosi bahasha yenye picha ya baba au ya bibi.

Mama ninayemzungumzia alikuja mwezi Novemba, akitokea Tandahimba. Nikamwamkia, akaitikia, akakaa kwenye benchi na kufungua fundo la leso. Ndani mlikuwa na picha ya mama yake mzazi, ukubwa wa posta, sentimita 9 kwa 13, na nyuma yake imeandikwa kwa kalamu ya wino: Kariakoo 1979. Marehemu alikuwa amekwenda Dar es Salaam kumsalimia kaka yake. Kaka akamnunulia doti ya kanga, akampeleka studio. Ndiyo picha pekee ya rangi aliyopigwa maishani mwake. Sasa wajukuu wanataka A4 ya kutundika sebuleni.

Picha nzima ilikuwa imegeuka nyekundu. Si ile nyekundu pyuu, bali damu ya mzee, na ilikuwa imeanzia kwenye vivuli: nywele, mboni za macho, mikunjo ya kanga, pazia la nyuma. Ukingo mweupe wa karatasi ulikuwa umeshika rangi ya chai ya maziwa.

Siku ile niliifanya kazi kama nilivyozoea. Nikaskani, nikabonyeza kitufe kinachorekebisha rangi chenyewe, nikaongeza mwanga, nikaongeza kontrasti, yaani tofauti ya giza na mwanga, nikapitisha programu ya kuondoa mikwaruzo, nikachapa. Dakika kumi na tano. Wekundu ulitoka kweli, na mimi nikaridhika.

Mama akaishika ile A4 kwa ncha za vidole, akaenda nayo mlangoni kwenye mwanga. Hakugomba. Aliweka kidole kwenye shavu la mama yake, akasema, "Hapa palikuwa na mistari mitatu. Umeniachia mmoja." Kisha akakishusha kidole mpaka kwenye kanga. "Na hii kanga ni ya kijani, mwanangu. Ninayo mpaka leo."

Mama yake alikuwa na nembo, zile chale za Kimakonde zinazochanjwa usoni na kupakwa unga wa mkaa. Programu yangu iliiona mistari myembamba yenye weusi kidogo juu ya ngozi, ikaihesabu kuwa ni mikwaruzo ya karatasi, ikaifuta. Mstari mmoja ulinusurika kwa sababu ulipita karibu na kivuli cha pua. Uso wenyewe ulikuwa umekuwa wa kijivu, kama uliopigwa vumbi la saruji. Na kanga ilikuwa ya udongo.

Sikuchukua hela yake. Nilimwomba aniachie ile picha, na akirudi aje na kanga.

Wiki ile ndiyo niliyokaa na kufikiri sawasawa juu ya kitu nilichokuwa nikikifanya kwa mazoea. Karatasi ya picha ya rangi ina tabaka tatu za rangi zilizolaliana: sayani (bluu yenye ukijani), majenta (nyekundu yenye uzambarau) na manjano. Sayani inameza mwanga mwekundu, majenta inameza wa kijani, manjano inameza wa bluu. Kinachobaki ndicho kinachorudi machoni mwetu. Katika karatasi nyingi za miaka ya 1960 na 1970, sayani ndiyo iliyokuwa dhaifu kuliko wenzake picha ikikaa gizani, yaani sandukuni, kabatini, ndani ya albamu. Sayani ikifa hakuna tena wa kuumeza mwanga mwekundu, na mahali palipokuwa peusi panageuka damu ya mzee. Joto na unyevu vinaharakisha mambo hayo, na sisi wa pwani ya kusini tunavyo vyote viwili mwaka mzima. Picha iliyotundikwa ukutani inakufa kifo kingine, cha mwanga, na hapo mara nyingi majenta ndiyo inayotangulia. Kwa hiyo ukiletewa picha mbili za harusi moja, hii ilikaa sandukuni na hii sebuleni, usidhani dawa ya moja itaitibu ya pili.

Picha za nyeusi na nyeupe ni jamaa wastahimilivu zaidi, kwa sababu weusi wake ni chembe za fedha. Nazo huzeeka, hushika manjano na madoa ya kahawia. Ushauri wangu ni mmoja tu: ziskani kwa rangi, si kwa kijivu. Ukishazitenganisha chaneli tatu zinazounda picha kwenye kompyuta, yaani nyekundu, kijani na bluu, utaona doa la manjano limekolea kwenye bluu na karibu halionekani kwenye nyekundu. Ichukue hiyo nyekundu uiache iwe ndiyo picha yako. Doa ambalo ungelifuta kwa brashi saa nzima linakuwa limeondoka bila wewe kumgusa mtu usoni.

Kuna jambo jingine nililolisoma miaka kadhaa iliyopita na ambalo halijanitoka moyoni. Kwa miongo mingi, maabara za picha zilipimia rangi kwa kadi yenye picha ya mwanamke mzungu. Kadi hizo ziliitwa Shirley, kwa jina la mfanyakazi wa Kodak, kampuni ya filamu za picha, aliyepigwa za mwanzo. Ngozi ya Shirley ikitoka vizuri, mashine imekaa sawa. Ngozi nyeusi haikuwa kwenye kipimo, na filamu za wakati ule zilizimeza nyuso zetu: meno na macho yanaonekana, shavu halionekani. Mwishoni mwa miaka ya 1970, hapo ng'ambo tu ya Ruvuma, Msumbiji ilipokuwa imetoka kupata uhuru, mtengeneza filamu Mfaransa Jean-Luc Godard alialikwa kusaidia kufikiria televisheni ya nchi ile mpya, na inasimuliwa kuwa alizikataa filamu za Kodak kwa sababu hiyo hiyo. Kodak wenyewe walikuja kuboresha filamu zao ziweze kutofautisha rangi za kahawia, na kati ya waliokuwa wamewalalamikia ni watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao. Nikitazama picha za mama zetu za miaka ile, naona walipigwa kwa kipimo kisichowajua. Sasa mimi, kwenye skana yangu hapa Chikongola, niwapitishe tena kwenye kitufe kisichowajua?

Maana kitufe kile hakioni mtu. Kinachukua wastani wa rangi zote zilizomo na kuusogeza kuelekea kijivu. Picha ikiwa na uso mweusi, pazia la kahawia na ukuta wa udongo, wastani wake ni wa kahawia kwa haki kabisa, lakini kitufe kinaona kasoro, kinaiondoa, na ngozi inaondoka nayo.

Mama alirudi baada ya siku nane na kanga ndani ya mfuko. Tuliitandaza mezani. Ilikuwa imefuliwa na kuanikwa miaka mingi mno, kijani chake kimekuwa kama maji ya mchicha, na jina lake chini lilisomeka kwa kukisia. Nilikata tamaa kidogo. Mama akaushika upindo, akafumua nyuzi chache kwa ukucha, akaukunjua. Ndani ya pindo, upana wa nusu kidole, jua halikuwahi kufika. Kijani kilikuwapo, kibichi, kizito, chenye ubluu kwa mbali, na pembeni yake kipande cha mstari mweusi.

Tuliupeleka ule upindo mlangoni, tukauweka juu ya karatasi nyeupe ya printa, na mimi nikaiweka picha kando yake. Nilikaa hapo muda mrefu, macho yajifunze. Kamera ya 1979 haikuinasa kanga ile kama inavyoonekana kwa jicho, hilo nilijua, na hata ndani ya pindo maji na sabuni vilikuwa vimepita. Lakini sasa nilikuwa na pa kuelekea.

Nilianza upya tangu kuskani. Nilifuta kioo, nikazima marekebisho yote ya skana, kwani ikishakata weusi au weupe kule mwanzo hakuna wa kuurudisha. Kwa ukubwa, nilipiga hesabu: sentimita 9 kwa 13 zikiskaniwa kwa nukta 600 kwa inchi zinatoa pikseli 2,126 kwa 3,071, na A4 ya nukta 300 inahitaji 2,480 kwa 3,508. Haitoshi. Nikaenda 1,200. Nikachagua biti 16 kwa kila chaneli na kuhifadhi kwa TIFF, aina ya faili inayotunza ubora wa picha. Watu wengi wanaipuuza hiyo biti 16 kwa sababu faili linakuwa zito, na kwa picha ya jana haina shida. Kwa picha iliyofifia ni lazima. Chaneli yenye biti 8 ina ngazi 256 tu. Kama nyekundu yako imebaki na ngazi 140 na unataka kuivuta ijaze zote, itapasuka, na utaona michirizi kwenye paji la uso mahali ambapo rangi ilipaswa kuteleza taratibu. Biti 16 ina ngazi 65,536. Ivute utakavyo.

Natumia GIMP, programu ya bure ya kuhariri picha, na tangu toleo la 2.10 la mwaka 2018 inaziweza biti 16 vizuri. Nikafungua histogramu, mchoro wa kilima unaoonyesha pikseli ngapi ziko kwenye kila ngazi toka giza (0) mpaka mwanga (255), lakini si ile ya jumla; nilifungua chaneli moja moja. Hapo ugonjwa ulijieleza wenyewe. Kilima cha nyekundu hakikuanzia sifuri, kilianzia 92 na kuishia 235. Kijani kilianzia 22 mpaka 240. Bluu ilianzia 18 na kukatikia 205, maana karatasi iliyogeuka manjano inanyima bluu kule kwenye weupe. Nikasogeza kishale cha weusi na cha weupe cha kila chaneli mpaka miguuni mwa kilima chake. Nyekundu kwanza.

Nitatoa namba, kwa sababu nilipokuwa najifunza nilizitamani sana na hakuna aliyenipa. Kwenye kanga, kabla, nilipima nyekundu 128, kijani 112, bluu 70. Hiyo ni rangi ya udongo, na ndiyo maana siku ya kwanza sikushtuka. Baada ya kusogeza vishale ilisomeka 64, 105 na 71: kijani. Kwenye shavu, kabla, 150, 84 na 58. Baada, 103, 73 na 55. Angalia mpangilio huo wa shavu. Nyekundu juu, kijani katikati, bluu chini. Ngozi yenye afya, iwe ya maji ya kunde au nyeusi tii, hukaa kwa mpangilio huo. Namba tatu zikikaribiana, mtu amekuwa wa kijivu. Bluu ikipanda juu ya kijani, amekuwa maiti. Siku hizi nikitilia shaka macho yangu, hasa jioni nikiwa nimechoka, napima shavu na paji la uso kabla ya kugusa kitu kingine.

Kilichobaki kilikuwa kontrasti, na hapa nina neno na wenzangu wa steshenari. Tumefundishwa wote kuukunja mstari wa mwanga, ule wa kwenye programu unaotawala giza na mwanga, kwa umbo la S: sukuma vivuli chini, vuta mwanga juu, picha inaamka. Inaamka kwa mtu aliyekaa katikati ya mstari. Uso wa yule mama ulikaa kati ya 40 na 110, sehemu ile ile ambayo S inaisukuma gizani. Nilifanya kinyume. Nikabana weusi kabisa pale chini kwa nukta moja usihame, nikaweka nukta nyingine karibu na 75 na kuinyanyua kidogo sana, kisha nikairudisha njia yake kule juu ili weupe wa kanga usiungue. Sikumfanya mweupe. Nilifungua nafasi kati ya weusi na weusi, kwa kuwa huko ndiko sura yake ilikokuwa imejificha: shimo dogo chini ya jicho, ukingo wa mdomo, na shavuni, kama mtu anayekuja toka mbali, mistari.

Niliikoleza kwa kunoa kwa duara pana: nguvu asilimia 20, upana wa pikseli 50. Kunoa kwa namna hiyo hakuchongi kingo, kunaongeza tofauti ndogo kati ya eneo na jirani yake. Mistari mitatu ikasimama. Mikwaruzo ya kweli niliitoa kwa mkono, mmoja mmoja, mama akiwa amekaa pembeni yangu kwenye kiti. Kila nilipofika usoni nilimwuliza, "Hii ni ya karatasi au ni yake?" Mara mbili alisema ni yake.

Ndiyo sababu sizipitishi picha za wateja wangu kwenye zile programu za akili mnemba zinazotengeneza uso mpya kwa sekunde tano. Nimezijaribu. Zinatoa uso mzuri, laini, wenye kope zote, na uso huo si wa mtu yeyote aliyezaliwa Tandahimba. Na ukiwa Dar ukataka kunitumia picha ya nyumbani, tafadhali usiipige picha kwa simu chini ya taa halafu ukaituma kwa WhatsApp kama picha. Iskani, uitume kama dokumenti. Ikitumwa kama picha inabanwa, na vivuli ndivyo vinavyoharibika zaidi.

Kuchapa. Kioo cha kompyuta kinawaka, karatasi haiwaki; inarudisha tu mwanga ulioangukia. Wengi wetu tunaweka mwanga wa kioo juu kabisa kwa sababu duka liko wazi na jua linaingia, kisha tunashangaa picha kutoka nyeusi. Nilishusha mwanga wa kioo changu mpaka weupe wake ukalingana na karatasi tupu iliyosimamishwa kando yake. Nikachagua kwenye printa aina ile ile ya karatasi niliyoweka. Kisha, badala ya kuteketeza A4 nzima, nikakata kipande cha uso na kanga, nikakipanga mara nne kwenye karatasi moja ndogo, kila kimoja na mwanga tofauti kidogo.

Nilikiacha kikauke, kwa kuwa wino mbichi unadanganya, tukatoka nacho nje. Mwenye duka jirani alituita tukae kivulini chini ya mwembe. Nikamwambia mama hapana, chini ya majani kila kitu kinashika ukijani. Tukasimama kibarazani, upande usio na jua kali. Mama alikunjua upindo wa kanga, akaupitisha juu ya vile vipande vinne. Akachagua cha tatu. Mimi ningechagua cha pili, ambacho kilikuwa na mwanga zaidi. Akasema, "Mama hakuwa mweupe hivyo." Nikachapa cha tatu.

Nilimpa karatasi ya satini, kwa sababu karatasi isiyong'aa kabisa inameza vivuli, na uso mweusi unapoteza nusu ya kazi yote hiyo. Kwenye fremu nikaweka vipande vyembamba vya kadibodi kati ya picha na kioo. Kwa unyevu wa huku, picha ikigusa kioo inaganda, na ikishaganda usiibandue, iskani na kioo chake.

Alipokuwa anafunga kanga yake akaomba na ndogo ya kuweka kwenye pochi, ukubwa wa paspoti. Niliipunguza ile ile nikachapa, nikaitazama: mistari mitatu ilikuwa imeungana, imekuwa kivuli kimoja. Kwenye udogo ule nafasi kati ya mstari na mstari ilikuwa haifiki nusu milimita. Nikamwambia anisubiri kidogo. Basi la Tandahimba lilikuwa la saa nane, na saa sita ilikuwa haijafika. Nikalifungua faili upya, nikanyanyua vivuli vya shavu zaidi kidogo kuliko kwenye A4, safari hii nikanoa kwa duara jembamba, nikachapa ya pili, kisha ya tatu. Ya tatu alihesabu kwa ukucha, moja, mbili, tatu, akaitia kwenye pochi.